Mistari Katikati ya Vigae

Sebule ya nyumba yetu ya Morogoro ina urefu wa mita sita na upana wa mita nne na nusu. Sakafu yake imetandikwa vigae vya mraba vya sentimita 30 kila upande, na jumla yake ni vigae 300. Kati ya kigae na kigae umepita mstari mwembamba wa saruji. Ukiiunganisha mistari hiyo yote ncha kwa ncha utapata mita 169 na nusu. Sikuipata hesabu hiyo kwa kupenda hesabu, ingawa nazipenda. Niliipata kwa sababu mwaka 2022, nikiwa na umri wa miaka 73, niliipita mistari hiyo yote kwa magoti, mkononi nikiwa na mswaki wa zamani.

Watu wengi siku hizi huviita vitu hivi marumaru, na wengine husema taili. Mimi nimeng'ang'ania neno vigae. Marumaru kwa haki yake ni jiwe linalochimbwa ardhini likakatwa na kung'arishwa. Hivi vya kwetu ni udongo uliochomwa tanuruni na kupakwa rangi ya kioo juu. Kigae hapo awali ni kipande cha chungu kilichovunjika. Bibi yangu, aliyekuwa akienda kwa jirani kuomba moto na kuubeba kwenye gae, nadhani asingeona ajabu kusikia kwamba mjukuu wake analala katika nyumba iliyotandikwa vigae, ila angeuliza ni nani aliyevunja vyungu vyote hivyo.

Ule mstari wa katikati mafundi huuita grauti. Aghalabu kwetu ni saruji nyeupe iliyokorogwa na maji tu, ikasukumwa kwenye nafasi kwa kipande cha mpira, kisha ikafutwa kwa sponji. Saruji nyeupe ni saruji kama nyingine, isipokuwa imetengenezwa kwa malighafi yenye chuma kidogo sana, maana chuma ndicho kinachoipa saruji ya kawaida rangi yake ya kijivu. Kigae kimevaa kioo, kwa hiyo uchafu haukiingii. Mstari haukuvaa kitu. Ukiutazama kwa macho ni mgumu kama jiwe, lakini una vitundu vidogo sana visivyoonekana, nao hunywa kila kinachomwagika juu yake: chai, mafuta, maji ya deki. Tena uko chini kidogo kuliko uso wa kigae, kwa hiyo kila kitu hutelemkia humo.

Haya yote nayajua vizuri. Nilifundisha kemia miaka mingi kabla ya kuwa mkuu wa chuo cha ualimu, na hata nilipokuwa mkuu sikuacha kuchukua vipindi viwili kwa wiki, ili wanachuo wasije wakadhani kwamba mkuu ni mtu wa kutia saini tu. Nataka msomaji alishike hilo, kwa sababu ninayoyasimulia hapa hayakutokea kwa kukosa elimu.

Vigae tuliwekewa na watoto wetu mwaka 2013. Kabla ya hapo sakafu yetu ilikuwa ya niru, ile saruji iliyolainishwa kwa mwiko mpaka ikang'aa, na kila mwisho wa wiki tuliipaka rangi nyekundu ya nta na kuisugua. Sakafu ya niru haina mistari. Uchafu wake wote uko mahali pamoja, juu, na ukifagia umeondoka. Mke wangu alifurahi sana kupata vigae. Mimi pia nilifurahi, ingawa nilinung'unika kidogo juu ya gharama, kama ilivyo wajibu wa baba. Mistari ilikuwa myeupe kama chaki. Baada ya miaka mitatu ikawa ya kijivu. Ilipofika mwaka 2021 ilikuwa imekuwa meusi sebuleni, na bafuni ilikuwa na ukungu mweusi wa madoadoa kwenye pembe za ukuta.

Mwaka huo ndipo alipokuja kutusaidia kazi binti mmoja kutoka upande wa Kilosa. Sitamtaja jina, kwa kuwa hakuomba kuandikwa kitabuni. Alikuwa na miaka 19, amemaliza kidato cha nne mwaka 2019, mpole na mwenye mikono myepesi. Mke wangu alimpenda tangu siku ya kwanza. Mimi nilimpenda pia, lakini mapenzi yangu kwa vijana yamekuwa siku zote yakipitia kwenye ukaguzi.

Katika chuo changu, kila Jumamosi saa mbili asubuhi nilikagua mabweni. Nilikuwa na leso nyeupe mfukoni. Niliipitisha juu ya fremu ya dirisha, chini ya kitanda, nyuma ya mlango, kisha nikaiinua ili wote waone. Bweni lililochafua leso lilipewa kazi ya kulima au kusugua korido wakati wenzao wanacheza mpira. Wanafunzi wangu wa zamani wanapokutana nami, leso ndiyo wanayoikumbuka kwanza, nao huicheka sana. Nami hucheka nao.

Nyumbani leso ilikuwa imebadilika ikawa mkongojo. Kila asubuhi, binti akishapiga deki na kuniamkia, nilizunguka sebule nikimwonyesha mistari kwa ncha ya mkongojo. "Hapa. Na hapa. Na hapa umeruka." Alikuwa akijibu, "Sawa, Babu," na kuinama tena. Sikumtukana hata siku moja. Sauti yangu haikupanda. Lakini mtu aliyekuwa mwalimu anajua kwamba sauti ya chini nayo ni fimbo.

Tulijaribu sabuni ya unga. Tulijaribu ndimu, ambazo mke wangu alizionea huruma. Kisha tukajaribu jiki, kama tunavyoiita wote hata chupa ikiwa na jina jingine, kwani tulikuwa na chupa kadhaa tulizonunua mwaka 2020 wakati wa korona na hazikwisha. Jiki iliua ukungu wa bafuni kwa siku chache, ukarudi. Mistari ya sebuleni iliendelea kuwa meusi. Hapo nikaenda mwenyewe kwenye duka la vifaa vya ujenzi nikanunua tindikali ile ambayo mafundi huitumia kuondolea saruji iliyoganda juu ya vigae. Niliuziwa katika chupa ya soda, haina karatasi wala alama. Nilimkabidhi binti nikamwambia, "Paka, subiri dakika tano, sugua. Anza na bafuni." Nikaenda kusoma gazeti.

Ilikuwa Jumamosi. Kesho yake mke wangu alitarajia wageni wa jumuiya.

Binti alikwisha kumwaga jiki bafuni asubuhi ile kama alivyozoea, wala hakuiosha, kwa sababu hakuna aliyemwambia aioshe. Juu yake akamwaga tindikali. Halafu akafunga mlango ili harufu isimfikie Bibi aliyekuwa sebuleni na kifua chake kibovu. Hilo la mlango alitueleza baadaye, na ndilo ambalo mpaka leo siwezi kulisimulia bila kunyamaza kidogo.

Nilisikia kikohozi. Mwanzoni nilidhani ni vumbi. Kisha kikawa kikohozi cha mtu anayetafuta hewa asiipate, nikainuka. Nilipofungua mlango harufu ilinipiga usoni, na kabla akili haijafikiri pua yangu iliitambua, maana ni harufu niliyokuwa nikiwanusisha wanachuo kidogo sana, kwa kupunga mkono, miaka na miaka. Klorini. Nilibana pumzi, nikamshika mkono nikamvuta mpaka nje chini ya mwembe. Alikuwa anatokwa na machozi na mate, macho mekundu, ameshika kifua kwa mikono miwili. Mke wangu alikuja na ndoo akawa anammwagia maji machoni. Alipopata pumzi ya kutosha kutoa neno alisema, "Sijamaliza, Babu."

Sasa niseme kilichotokea humo ndani, kwa sababu nyumba nyingi zina chupa hizo mbili kwenye kabati moja. Jiki ni klorini iliyofungwa ndani ya maji pamoja na sodiamu na oksijeni. Ikiwa peke yake, kifungo hicho kinashika. Ukiitia tindikali, kifungo kinakatika, na klorini inatoka ikiwa gesi. Si lazima iwe tindikali ya fundi. Dawa nyingi za kusafishia choo zina tindikali ndani yake, na hata siki yaweza kuitoa. Klorini ilitengenezwa kwa mara ya kwanza na Scheele wa Uswidi mwaka 1774. Mwaka 1810 Davy wa Uingereza akaipa jina kutokana na neno la Kiyunani la rangi ya kijani iliyopauka. Tarehe 22 Aprili 1915, karibu na mji wa Ypres huko Ubelgiji, jeshi la Wajerumani liliifungulia kutoka kwenye mitungi upepo ukaipeleka kwa adui, ikashuka ndani ya mahandaki. Ilishuka kwa sababu ni nzito kuliko hewa, kama mara mbili na nusu. Nilikuwa nikiandika jambo hilo ubaoni kila mwaka na kulipigia mstari: ni nzito kuliko hewa.

Bafu letu lina kidirisha kimoja, juu karibu na dari. Gesi nzito haitafuti dirisha la juu. Inakaa sakafuni, na sakafuni ndipo alipokuwa mtu aliyepiga magoti. Mimi niliyesimama mlangoni nilichomwa koo tu.

Tulikwenda hospitali kwa gari la jirani. Walimwekea oksijeni na hawakumruhusu kurudi nyumbani siku hiyo hata alipoanza kusema ana nafuu. Daktari kijana alitueleza kwamba gesi ya namna hii yaweza kuyaudhi mapafu polepole, na maji yakajaa humo saa nyingi baada ya mgonjwa kuonekana mzima. Nilitikisa kichwa kama mtu asiyejua. Aliniuliza, "Mzee, nani alimpa dawa hizo?" Nikamjibu, "Mimi." Hakuuliza kazi yangu ya zamani, nami sikumwambia.

Mama yake alifika Jumapili jioni. Ni mama wa makamo, mkulima, alinisalimia kwa heshima zote: "Shikamoo, Mwalimu." Nilikuwa nimejiandaa kulaumiwa, na huenda ingekuwa nafuu. Alikaa kwenye kiti, akatazama chini, kwenye vigae vyetu, akasema taratibu, "Ameniambia alitaka tu yaishe, Mwalimu. Kila siku ulikuwa unamwonyesha mistari." Nilimwomba radhi. Nilimwomba radhi na binti mwenyewe, nikamwambia, "Mjukuu wangu, nimekukosea. Nilijua, na sikukwambia." Aliona haya, akasema, "Babu, usiseme hivyo." Mila zetu hazijampa kijana nafasi nzuri ya kupokea radhi ya mzee, anaishia kuona kwamba kosa limeongezeka. Alikwenda kwao Kilosa kupumzika, na nauli, na mshahara wake wote, na hatukujua kama angerudi.

Jumatatu mke wangu alinikuta nimesimama katikati ya sebule. "Mwalimu," akaniambia, "umeshawahi kupiga deki nyumba hii?" Sikuwahi. Akaniletea ndoo na tambara.

Nilijaza ndoo moja, kama ilivyokuwa amri yangu. Maji ya bomba kwetu yalikuwa yakitoka kwa zamu, na mimi ndiye niliyeweka sheria kwamba sebule ipigwe deki kwa ndoo moja. Nilianza pembeni. Nilipofika vigae vya sitini hivi maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa. Nilipofika katikati ya chumba yalikuwa matope. Niliendelea. Vigae nilivyovipita viling'aa, na maji ya matope yakatelemka kwenye mistari, yakatulia humo, yakakauka. Nikawa ninaona kwa macho yangu mwenyewe sebule ikisafishwa na mistari ikipakwa rangi nyeusi kwa wakati mmoja. Kila siku kwa miaka minane, tangu vigae vilipowekwa, tulikuwa tumeipaka hivyo. Kadiri binti alivyopiga deki kwa bidii, ndivyo mistari ilivyozidi kuwa meusi. Na mimi nikawa napita nyuma yake na mkongojo.

Niliketi kwenye kigoda. Nilikumbuka mabweni. Kila bweni lilikuwa na ndoo mbili, kwa wanachuo arobaini, na bomba lilikuwa mbali, mteremko wa nyuma ya jikoni. Nilikuwa na leso. Sijapata hata siku moja kuuliza habari za ndoo.

Kazi yenyewe niliifanya hivi. Nilikwenda sokoni nikanunua magadi, yale mabonge tunayotia kwenye maharage yaive upesi, nikayaponda yakawa unga na kuyachanganya na maji kidogo mpaka yakawa kama uji mzito. Magadi hayana tindikali, ni kinyume chake, na saruji pia ni kinyume cha tindikali. Kwa hiyo hayagombani. Tindikali na saruji hugombana siku zote. Mtu akimwaga tindikali au siki juu ya mstari akaona povu, hudhani ni uchafu unaotoka. Ni saruji inayoliwa. Ni jambo lile lile la ganda la yai ndani ya siki, ambalo mtoto wa darasa la saba anaweza kulijaribu. Mstari unakuwa mweupe kwa kuwa ngozi yake imekwenda, na kesho unakunywa uchafu zaidi kwa kuwa umebaki na vitundu vikubwa zaidi.

Nilivaa mipira mikononi, maana magadi huchubua. Nilifagia kwanza kwa ufagio mkavu. Nikalowesha mstari, nikaupaka uji wa magadi urefu wa mita moja, nikasubiri robo saa nikisikiliza redio. Kisha nikausugua kwa mswaki, kwa urefu na kwa upana. Si kwa brashi ya waya. Waya huchimba saruji na kuacha chembe za chuma ambazo baadaye huota kutu. Linalofuata ndilo kubwa: nilifuta maji machafu papo hapo kwa tambara, kabla hayajapata nafasi ya kukaa, nikalisuuza tambara kwenye ndoo ya pili, nikapitisha maji safi mara mbili, nikakausha. Ndoo mbili. Moja ya maji safi, moja ya kusuuzia. Bili ya maji ilipanda kidogo, nikailipa.

Magoti yangu yaliniruhusu mita nne kwa siku. Nilikunja blanketi kuukuu nikalikalia, nikaanza pembe ya mbali nikirudi kuelekea mlangoni. Siku za kwanza majirani waliopita barazani waliniita, "Mwalimu, umepoteza nini?" Baadaye waliacha. Nilijifunza chumba changu kwa namna mpya: mahali pa kiti changu mistari ilikuwa na mafuta ya miguu yangu, chini ya meza ilikuwa na chai, mbele ya mlango wa jikoni ilikuwa meusi kuliko kote kwa kuwa hapo ndipo alipokuwa akisimama yeyote anayeitwa. Mstari haukurudia weupe wa mwaka 2013. Ulifika rangi ya mfupa ukakataa kwenda mbele zaidi, nami nikakubaliana nao.

Binti alirudi siku ya kumi na nane. Niliitambua sauti yake mlangoni nikashindwa kuinuka upesi. "Shikamoo, Babu," akasema, kisha akaniona vizuri, pale chini. Alitaka kuninyang'anya mswaki, nikakataa. Akachuchumaa pembeni akanitazama kwa muda. "Babu, unausukuma uchafu mbele. Uvute kuja kwako." Niliuvuta kuja kwangu, na kweli, ilikuwa rahisi zaidi.

Jioni ile aliniuliza kilichompata. Nilitwaa kalenda ya mwaka uliopita, nikaandika nyuma yake mlinganyo wote, jiki upande mmoja na tindikali, upande wa pili klorini, chumvi na maji. Nilimweleza kama nilivyokuwa nikieleza. Alifuata kwa kidole. Alipofika kwenye chumvi akasema, "Kumbe ni chumvi hii hii ya kula?" Ndiyo, hii hii. Akaniambia kwamba kwao walisoma kemia kwa kunakili daftari la kidato kilichotangulia, mwalimu hawakuwa naye miaka yote minne. Mtihani alipata sifuri. Nilistaafu mwaka 2009. Niliwahi kutoa hotuba nyingi juu ya walimu tunaowapeleka vijijini. Nilikaa na ile kalenda mapajani, sikuwa na la kumwambia.

Sasa zile chupa ziko mbali mbali, jiki jikoni, dawa ya choo stoo, na kila moja ameiandikia kwa kalamu nzito kwa herufi kubwa. Ile tindikali niliirudisha dukani na kuwaambia kwa nini. Kijana wa dukani alicheka, akaimimina kwenye chupa nyingine. Sebule niliimaliza siku ya 43, mita moja na nusu za mwisho mbele ya kizingiti.

Bafu lilibaki. Pale tindikali ilipomwagika mistari imeliwa, ukipitisha kidole unasikia mfereji. Fundi alitaka kuvunja vigae vyote na kuanza upya. Binti akasema itoshe kukwangua sehemu zilizoliwa na kujaza, na tujaze kwa rangi ya kijivu, isiyotaka kukaguliwa kila siku. Tulijaza wawili sisi, mlango wazi, mimi nikikoroga na yeye akisukuma kwa mpira. Kijivu hicho hakikulingana na mistari ya zamani. Mke wangu anasema bafu lake limekuwa na viraka. Ni viraka kweli, sita upande wa ukuta na vinne karibu na mlango.